Utando wa Dawa na Suala la Jelatini

Msomaji wetu mmoja, mama akaaye Ngara, Nairobi, anamuuguza mzazi wake mwenye kisukari na kidonda cha mguu kisichofunga. Ameelezwa habari ya utando wa jelatini wenye kiuavijasumu ndani yake, naye anauliza kama yafaa kumbandika mtu mwenye kuswali.

Kwanza tuifahamu kazi ya utando huo. Wengi wetu tumeona kapsuli ikifunguliwa na unga wake kunyunyizwa juu ya donda. Majimaji ya kidonda huuosha unga ule kwa muda mfupi. Vijidudu hubaki na dawa haba isiyoviua, vikaizoea. Ndipo usugu unapozaliwa. Katika utando, dawa imeshikwa baina ya nyuzi za polima. Nyuzi zikinywa maji ya kidonda hufura, zikaiachia dawa polepole, saa nyingi au siku kadhaa, pale pale penye haja. Mtengenezaji akizifunga nyuzi kwa nguvu zaidi, dawa hukawia zaidi. Wala si jambo la jana: wapasuaji wa Ulaya wametumia sifongo za kolajeni zenye jentamisini tangu miaka ya 1980.

Swali liko katika asili ya polima. Kitosani hutokana na maganda ya kamba na kaa, yale tunayoyatupa pwani kila siku. Kwa kupakwa nje haina shaka, hata kwa jirani zetu Mahanafi, ambao wanakhitilafiana juu ya kula kamba. Jelatini huchemshwa kutoka ngozi na mifupa ya ng'ombe, ya samaki, au ya nguruwe. (Na tuseme kweli: kapsuli tuzimezazo miaka yote mara nyingi ni jelatini, wala hatukuuliza.)

Basi dada yetu aombe karatasi ya mtengenezaji. Ikiwa ni samaki, au ng'ombe aliyechinjwa kisheria, abandike. Ikiwa ni nguruwe, sisi Mashafii hatusemi kuwa kuchemshwa kunamtahirisha. Amuulize daktari utando wa kitosani. Ukikosekana, au kungoja kukiuhatarisha mguu, aubandike huo huo, na swala ya mzazi wake itasihi, kama walivyosema mafakihi wetu juu ya mfupa uliovunjika ukaungwa kwa kilicho najisi kwa kukosa kilicho safi.

Habari ya udhu na tayamamu kwa mwenye bandeji tutaileta juma lijalo, inshaallah.