Silingi Haijaanguka, Ni Bei Iliangushwa

Wasee wa Kisumu, someni mpaka mwisho kabla mnitusi. Ile silingi ya pikapu yako inayokugusa kichwa kama neti ya mbu, usikimbilie kusema fundi ameiharibu. Mara nyingi iliharibika ile siku ulimshusha bei mpaka akabaki na pesa ya gundi na chapati mbili.

Nimechoka na hizi video za "mafundi wa jua kali ni wezi". Mtu anajirekodi ndani ya Peugeot 504 ama Datsun ya babake, kitambaa kinaning'inia, watu wanacheka. Hakuna hata mmoja anauliza: ulilipa ngapi, na ulilipia kazi gani?

Tuelewane kwanza. Silingi za pikapu nzee ni aina mbili. Kuna zile kitambaa kinashikwa na fito za chuma zinazopita kutoka upande mmoja wa kabini hadi mwingine, gundi inapakwa kingoni tu. Kila fito ina mkunjo wake. Ukizitoa bila kuziandika namba, umejitafutia. Halafu kuna zile za bodi: bodi ngumu, juu yake sponji nyembamba, mwisho kitambaa. Hizi ndizo huanguka sana, na kinachokufa hapo ni sponji. Joto na unyevu vinaila polepole mpaka inakuwa unga. Sasa piga picha jua la Kisumu saa nane mchana, hewa nzito ya ziwa, na pikapu imesimama nje pale Dunga ikingoja samaki. Kitambaa kizima, bodi nzima, katikati vumbi tupu.

Na gundi haishiki vumbi. Hiyo ndiyo siri yote.

Kwa hivyo kazi halali inaenda hivi. Toa taa, vile vibao vya kuzuia jua na mipira ya milango. Toa bodi nje ya gari. Kwangua ule unga wote, kila kona, mpaka uone bodi yenyewe. Hapo ndipo unapaka gundi ya kustahimili joto pande zote mbili, unangoja ikauke kidogo mpaka inanata bila kulowesha kidole, unaanza kubandika katikati ukielekea kingoni. Kubandika ni kazi ya muda mfupi. Kukwangua ndiko kunamaliza mchana wa mtu, na hakuna mteja anayekuona ukikwangua.

Ndio maana mkibishana bei, kinachokatwa ni kukwangua. Fundi akisema elfu nane, wewe unasema tatu, yeye ana kodi ya kibanda na watoto wa shule. Atachukua tatu. Lakini atapitisha gundi juu ya vumbi, kitambaa kitakaa vizuri siku ya kuchukua gari, wiki chache baadaye unashika simu kurekodi video. Wote wawili mmepoteza, ila jina linalochafuka ni lake peke yake.

Na kuna mtu wa tatu hapo, huyo ndiye ananiuma zaidi. Kijana wa miaka yangu na yako anayejifunza kazi. Kazi ya haraka inamaanisha bodi haitoki nje, kwa hivyo yeye anaingia kabini na gundi. Ile harufu ni ya vimumunyisho kama toluini, jamaa ya vile viko kwa gundi ya viatu ambayo tunasikitika tukiona watoto wa mtaani wakinusa. Kichwa kinauma, macho yanazunguka, na ukivuta miaka mingi inagusa ubongo na neva. Kitambaa ulichojifunga usoni kinazuia vumbi kiasi, mvuke haukizuii kabisa. Kenya tuko na Sheria ya Usalama na Afya Kazini tangu 2007, inasema mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Lakini niambie, kifaa kitatoka wapi kwa hiyo elfu tatu?

Najua mtaniambia, "Omera, si wote wako na doo." Kweli. Mama anayebeba omena kutoka Usenge hana pesa ya kuchezea. Basi punguza kitambaa, usipunguze kazi. Chagua kitambaa cha bei rahisi, kisicho na urembo. Ama mwambie fundi atoe sponji yote, asafishe bodi, airudishe hivyo hivyo mpaka upate pesa. Bodi safi haimwagii mtu unga machoni akiendesha usiku barabara ya Bondo.

Hizi gari zinastahili. 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, na pikapu zake zimebeba nusu ya utoto wetu. Usiniambie unaipenda gari ya mzee halafu unamdharau mtu pekee anayejua kuishika.

Kwa hivyo ukienda kwa fundi, uliza matatu: bodi itatoka nje? Utakwangua mpaka wapi? Kijana wako atapakia gundi wapi? Akijibu vizuri, lipa. Asipojibu, tafuta mwingine. Lakini kama wewe ndiye ulikataa kulipia majibu hayo, weka simu chini. Hiyo video ni yako mwenyewe.