Ruta si mtumba, usiivishe famuwea ya jirani!

Leo naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mavazi, tuongee habari ya kile kiboksi chenye taa kinachokaa juu ya kabati la TV. Ruta. Zamani ilikuwa kitu cha maofisi ya wakubwa. Siku hizi hata chumba na sebule cha Kijitonyama kinayo, na siku ikigoma nyumba nzima inanuna kama kuna msiba.

Sasa kuna mtindo umeingia mjini. Intaneti ikisuasua kidogo tu, mtu mbio kwa fundi: "Kaka, hebu niflashie hii ruta." Fundi naye, si unajua tena njaa za mjini, haulizi hata swali moja. Anachomeka waya, anachukua faili lililopo kwenye laptopu yake, dakika kumi kazi kwisha, lete mshiko. Wengine wanabahatika. Wengine wanarudi nyumbani na jiwe.

Tuelewane kwanza. Ndani ya ruta kuna programu inayoamka mara tu unapowasha umeme, nayo ndiyo inayoiambia mashine ifanye nini. Hiyo ndiyo famuwea. Bila hiyo, ruta ni boksi la plastiki lenye antena. Halafu jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi: kiboksi kimoja mara nyingi kina mashine mbili. Kuna modemu, inayoongea na mnara au waya wa kampuni huko nje, na kuna ruta yenyewe, inayowagawia intaneti mliomo ndani. Kila moja inaweza kuwa na famuwea yake. Ukiumwa jino, hung'olewi kucha.

Kuna dada mmoja wa Sinza namfahamu, anaishi kwa kufundisha wageni Kiswahili kwa njia ya video. Hana duka, hana genge. Ruta ndiyo genge lake. Ikafika wakati intaneti ikawa inakatika kila jioni. Akaipeleka kwa kijana mmoja Kariakoo. "Dada yangu, hii inataka famuwea mpya tu. Toa elfu kumi na tano, ukifika nyumbani utanipigia kunishukuru." Kumbe ruta ya dada nyuma imeandikwa Ver 4, na faili la yule bwana lilikuwa la Ver 2. Ikarudi na taa moja imewaka haipepesi, ukurasa wa mipangilio haufunguki, Wi-Fi haionekani kabisa. Alipopiga simu akajibiwa kwamba ruta ilikuwa "imeshachoka". Wanafunzi wake wawili wakangoja siku tatu, kisha wakatafuta mwalimu mwingine. Hiyo ilikuwa kodi ya mwezi, bwana, si mchezo. Na kilichoniuma zaidi ni hiki: alipokopa akanunua ruta mpya, jioni ikafika, ikakatika vilevile! Watu walikuwa wengi kwenye mnara. Famuwea haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo somo la leo ni moja, likariri hata ukiwa kwenye daladala: famuwea sahihi si ile mpya kuliko zote, wala ile jirani anayosema "imechangamka". Famuwea sahihi ni ile inayolingana na stika iliyo chini ya ruta yako.

Ipindue sasa hivi uisome. Utaona jina la modeli, na karibu yake toleo la mashine. TP-Link, kwa mfano, huandika Ver na namba. Msidharau namba hiyo. Ruta mbili zinaweza kuwa na jina moja na sura moja kama mapacha, lakini ndani ni watu baki. Nikupe mfano unaojulikana dunia nzima. Mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta iitwayo WRT54G, ikawa maarufu kichizi. Ndani ilikuwa inatumia Linux, na mwaka 2003 kampuni ikaachia msimbo wake hadharani. Vijana wakajitengenezea famuwea zao, na mwaka 2004 ndipo OpenWrt ilipozaliwa kutokana na msimbo huo. Lakini mwaka 2005 ikaja toleo la 5 la ruta hiyo hiyo: kumbukumbu ya kuhifadhia famuwea ikapunguzwa kutoka MB 4 hadi 2, na RAM kutoka MB 16 hadi 8. Nje jina ni lile lile, lakini famuwea iliyojaa vizuri kwenye toleo la 4 haikuwa na pa kukaa kwenye toleo la 5. Ni sawa na kulazimisha mguu wa namba 10 kwenye kiatu cha namba 6 eti kwa sababu vyote ni raba nyeupe.

Jambo la pili ni nchi. Wengi wetu tuna mjomba au shangazi ughaibuni, na akija likizo anakuja na ruta kwenye begi. Asante sana, lakini uliza ilitengenezewa soko gani. Faili la soko la Ulaya na la Marekani huwa hayafanani hata modeli ikiwa moja, maana kila upande una sheria zake za mawimbi. Kwa zile za ADSL, zinazotumia waya wa simu wa shaba, sehemu nyingi duniani zilitumia mtindo uitwao Annex A, wakati Ujerumani walitumia Annex B kwa sababu ya simu zao za ISDN. Modemu ya Annex B kwenye waya wa Annex A itakesha inabisha hodi na mlango haufunguliwi. Na usidhani famuwea pekee itatibu, maana hata vifaa vya ndani hutofautiana.

Jambo la tatu ni ile sehemu ya modemu yenyewe, na hapa niwageukie washikaji wanaochomeka modemu ya USB kwenye ruta ya nyumbani. Chukua Huawei E3372. Kwanza kuna E3372h na kuna E3372s, na famuwea zake haziingiliani. Pili, E3372h inaweza kuvaa famuwea za aina mbili. Zile zinazoanza na 22 ni za HiLink: modemu inajifanya ruta ndogo, ina ukurasa wake kwenye 192.168.8.1, ukiichomeka kwenye laptopu inapiga kazi bila maneno. Zile zinazoanza na 21 ni za Stick: modemu inatulia na kuiachia ruta yako kazi yote. Ipi bora? Swali baya hilo! Uliza ruta yako inajua kuongea na ipi. Mtu anayetaka kuangalia kamera za nyumbani akiwa safarini anaweza kusumbuka na HiLink, kwa sababu sasa ana ruta mbili zinazofuatana na kila moja imefunga mlango wake. Lakini kwa dada anayetaka kuchomeka na kufanya kazi, HiLink ni raha tupu.

Na msikubali kudanganywa kwamba famuwea inaongeza kasi ambayo bando lako halina, au kuifundisha modemu kukamata mawimbi ambayo haikuumbwa nayo. Kama redio ya ndani haijatengenezwa kwa mawimbi ya mnara wenu, hata ukiiflashi mara saba ni kumpigia mbuzi gitaa.

Najua kuna msomaji anasema: "Basi kaka, siigusi kabisa, naiacha kama nilivyoinunua." Hapana, hilo nalo ni balaa. Novemba 2016 huko Ujerumani, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walijikuta hawana huduma baada ya wahuni wa mtandao kushambulia ruta za majumbani, na kampuni ikabidi itoe famuwea mpya haraka. Mei 2018 watafiti wa Cisco wakatangaza kirusi kilichoitwa VPNFilter, kilichokuwa kimeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54. FBI ya Marekani ikawaomba watu wazime na kuwasha ruta zao. Lakini hiyo iliondoa sehemu tu ya kirusi. Kukisafisha kabisa ilibidi kuirudisha ruta kwenye hali ya kiwandani na kuipa famuwea mpya. Kwa hiyo famuwea inabadilishwa, tena ni lazima, ila kwa sababu ya maana: kuziba tundu la usalama, au kutibu ugonjwa ambao maelezo ya kiwanda yameutaja.

Sasa ukiamua, fanya hivi. Faili litoke kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza ruta, ukurasa wa modeli yako na toleo lako, si kwenye flashi ya mtu. Soma maelezo yanayoambatana nalo, hata kama ni ya kuchosha. Wengine wanatoa mafaili mawili kwa mashine moja. DrayTek ya Taiwan, kwa mfano, ina faili linaloishia na .all linalokuachia mipangilio yako, na la .rst linalofuta kila kitu. OpenWrt nao wana faili la "factory" kwa anayehama kutoka famuwea ya kiwandani, na la "sysupgrade" kwa aliyekwisha kuingia OpenWrt. Ukichanganya hapo, usimtafute mchawi.

Andika kwenye daftari jina na nywila za mtandao wako kabla hujaanza. Tumia waya kutoka laptopu hadi ruta, achana na Wi-Fi kwa dakika hizo. Angalia LUKU ina uniti za kutosha, na kama mtaa wenu umeme ni wa kubahatisha, ngoja siku iliyotulia au tafuta betri, maana umeme ukikatika katikati ya kazi ndiyo jiwe lenyewe hilo. Watoto wafukuze sebuleni. Usizime mpaka ijiwashe yenyewe.

Na ikitokea imezima, usiitupe. Ruta nyingi zina mlango wa nyuma: unaziwasha huku umebana kitufe cha reset, halafu unaipa faili sahihi kwa waya. Njia inatofautiana kwa kila modeli, lakini ipo. Fundi anayejua kazi atakuuliza toleo kabla hajagusa chochote. Asiyeuliza, chukua ruta yako kula kona.

Neno la mwisho ni kwa wale ambao ruta wamepewa na kampuni ya intaneti. Hiyo mara nyingi si mali yako, na famuwea yake kampuni yenyewe huiingiza kutoka mbali. Ikisumbua wapigie wao, wasumbue mpaka waje. Ukiiflashi kwa fundi wa mtaani na ikafa, utalipia ruta nzima na lawama juu.

Basi jamani, mfano wa yule dada wa Sinza usijirudie kwako. Ruta siku hizi inalisha watu, na kitu kinachokulisha hukipeleki kwa mtu asiyejua hata jina lake kamili. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutaongelea pa kuiweka ruta ndani ya nyumba, maana kuna watu wanaificha nyuma ya friji halafu wanamlaumu jirani. Mpaka hapo, kaeni mkao wa kula!