Kuta kama hizo ziko kwetu

Hongera mwandishi, katika makala yako umetutembeza vizuri vijiji vya milimani kule Ugiriki. Ila sisi wa Kosele, tulipofika kwenye zile kuta za mawe zisizo na saruji, tuliwakumbuka mababu zetu. Njoo Migori, hapa Kenya, uone Thimlich Ohinga, boma la kale. Kuta zake, zinazokadiriwa kuanza kujengwa karne ya 16, ni mawe matupu: makubwa nje na ndani, madogo yamesongwa katikati yakakaza kabisa. Pengine zinapita mita 4 kwenda juu. Milango ni mifupi, lazima uiname, na hapo ndipo adui alipodhibitiwa. UNESCO iliiweka Thimlich Ohinga kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, mwaka uleule ilipoutambua ufundi wa kuta kama hizo wa Ugiriki na nchi nyingine za Ulaya.

Ukitoka hapo, pitia ziwa la Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, uwatazame heroe. Inaniuma kwamba watoto wetu wengi wanaijua Athens kuliko Thimlich. Walimu wa Homa Bay na Migori, tafadhali wapelekeni.