Usiitupe, igawe

Jamani, kabla hujaitupa hiyo kompyuta yako ya mezani, subiri kidogo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama, TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Sasa tukimbilie dukani?

Mimi nasema hapana. Weka Ubuntu kando ya Windows. Ni ya bure, na ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Unaiandaa kwenye flashi, unaitengea kama GB 25 za diski, basi. Kila ukiwasha kompyuta unachagua mfumo unaoutaka. Ukiizoea, Windows utaifungua kwa nadra, tena bila intaneti.

Ila sikubaliani na wanaosema ni kazi ya kufumba na kufumbua. Mimi nilikurupuka, nikabofya pa kufuta diski nzima. Mahojiano ya miezi mitatu yakaenda na maji. Nilirudi kwa mama mmoja muuza samaki kumwomba anisimulie upya. Alikubali, ila simulizi ya pili haikuwa ile ya kwanza. Aibu ilikuwa yangu, si ya Ubuntu.

Kwa hiyo nakili kwanza mafaili yako kwenye diski nyingine, uitoe kabisa. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake pembeni. Kisha ndiyo ugawe.

Au nyie mnasemaje?