Mkanda wa shanga si pambo, ni mkataba

Wazungu walipokuta shanga za wampum pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, katika karne ya 17, walizigeuza fedha. Kosa hilo lina wajukuu hadi leo: wapo wanaouona mkanda wa wampum kama pambo la ukutani, na wakisikia umefumwa mwaka huu, husema ni wa kuigiza tu.

Shanga hizo, nyeupe na za zambarau, huchongwa kutoka makombe ya bahari ya Atlantiki. Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa sita, walizifuma kuwa mikanda ya kutunza maneno ya mapatano. Mkanda wa Njia Mbili una mistari miwili ya zambarau: mtumbwi wa wenyeji na meli ya Waholanzi katika mto mmoja, na hakuna anayeshika usukani wa mwenzake. Ule wa mkataba wa Canandaigua wa mwaka 1794 unaonyesha watu walioshikana mikono.

Mingi iliishia makumbusho. Mwaka 1989 Makumbusho ya Jimbo la New York yaliwarudishia Waonondaga mikanda 12. Lakini kurudishiwa ya kale hakukuzuia kufuma mipya. Mwaka 2020, miaka 400 tangu meli ya Mayflower ifike kwao, Wawampanoag walifuma mkanda mpya na kuupeleka Uingereza uonwe.

Je, huo ni wa kuigiza? Hapana. Uzito wa mkanda hauko katika umri wa shanga, uko katika maneno yaliyowekwa humo na watu wanaoyakumbuka. Kila Novemba 11 mkataba wa Canandaigua huadhimishwa hapo hapo uliposainiwa, na Marekani bado hutoa kitambaa cha kila mwaka kilichoahidiwa. Uzi ukioza hufumwa mwingine. Ahadi ikisahauliwa, hakuna kabati la kioo litakaloiokoa.

Afrika Mashariki inalijua hilo. Jumuiya ya mwaka 1967 ilikuwa na mkataba, na mwaka 1977 ikavunjika. Mkataba wa sasa ulisainiwa Arusha Novemba 30, 1999. Ni wananchi wangapi wamewahi kuusikia ukisomwa? Usomwe kwa sauti kila Novemba 30, pale Namanga, Gatuna na Kabanga, mbele ya wachuuzi na madereva wanaovuka mipaka hiyo kila siku. Wao ndio watakaosema ni kipi kimetimizwa.