Adobo ya Nani? Usanifishaji wa Mapishi ya Ufilipino

Mnamo Julai 2021, Wizara ya Biashara na Viwanda ya Ufilipino ilitangaza kuwa ofisi yake ya viwango ingeweka kigezo cha namna ya kupika adobo, na kwamba baada ya adobo zingefuata sinigang, lechon na sisig. Lengo lililotajwa lilikuwa kuulinda utambulisho wa taifa wakati ambapo mapishi ya kila sampuli yanasambazwa kwenye intaneti. Haukupita muda wananchi wakaja juu. Swali lililoulizwa, kwa mzaha na kwa hasira, ni jiko la mama yupi ambalo lingefanywa kipimo cha majiko mengine yote. Wizara ikalazimika kufafanua kuwa kigezo hicho hakingekuwa sheria, bali kilikusudiwa kukitangaza chakula hicho katika nchi za nje.

Ufafanuzi huo uliituliza ghadhabu lakini haukulijibu swali. Kimsingi, adobo ni nyama ya nguruwe au ya kuku inayochemshwa taratibu katika siki, chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga. Zaidi ya hapo, kila eneo lina lake. Wapo wasiotia sosi ya soya kabisa, na adobo yao huitwa nyeupe. Huko Batangas hutiwa bizari ya manjano. Bicol hutiwa tui la nazi. Ipi kati ya hizo ni potovu? Hata jina lenyewe ni la kukopa. Pedro de San Buenaventura, mtawa wa Kihispania aliyetunga kamusi ya Kitagalog iliyochapishwa mwaka 1613, alitumia maneno yenye maana ya ‘adobo ya wenyeji’ kwa kuwa mapishi aliyoyakuta yalimkumbusha ya kwao. Mapishi yalikuwapo; kilichokuja kwa jahazi ni jina.

Sisig inalidhihirisha jambo hili vizuri zaidi. Katika kamusi ya Kikapampangan ya Diego Bergaño ya mwaka 1732, sisig ni kachumbari kali ya siki, yenye matunda mabichi kama vile papai au pera. Sisig inayojulikana leo, ya nyama ya kichwa cha nguruwe iliyochomwa kisha ikakatwakatwa, ilipata umaarufu mjini Angeles katika miaka ya 1970 kupitia kibanda cha Lucia Cunanan. Kamati ya viwango ingalikaa mwaka 1732, basi mama huyo angalihesabiwa kuwa mkosaji. Inafaa kutajwa kwamba mwaka 2017 mji wa Angeles wenyewe uliitangaza sisig kuwa turathi yake. Huo ni uamuzi wa wenye chungu, si wa ofisi ya mji mkuu.

Aidha, vipo vyakula ambavyo havikutajwa katika orodha hiyo ya mwanzo. Watausug wa visiwa vya Sulu ni Waislamu. Lechon, yaani nguruwe mzima aliyebanikwa, si chakula chao. Fahari yao ni tiyula itum, mchuzi mweusi wa nyama ya ng'ombe ambao weusi wake hutokana na nazi iliyochomwa hadi ikawa kama makaa, kisha ikasagwa pamoja na viungo. Orodha ya vyakula vya taifa inayoanza na nguruwe inamwambia Mtausug jambo fulani kuhusu taifa hilo, hata kama waandishi wake hawakukusudia.

Wanafunzi wa isimu hawatakuwa wageni wa mjadala huu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, Kiunguja kilikuwa kimekwisha kufanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita pamoja na Kiamu, licha ya hazina yake ya tenzi, vikabaki pembeni. Ufilipino nayo iliamua mwishoni mwa mwaka 1937 kwamba Kitagalog kiwe msingi wa lugha ya taifa, na manung'uniko ya wasemaji wa lugha nyingine yamesikika tangu hapo. Hata hivyo, usanifishaji wa lugha una hoja yake: vitabu vya shule havina budi kuandikwa kwa tahajia moja. Chungu hakina tahajia. Adobo inayouzwa ndani ya makopo inahitaji kipimo cha usafi na cha chumvi, na hapo wizara haina wa kuipinga. Ladha ni suala jingine.

Kuna njia bora, nayo ilikwisha kuonyeshwa. Doreen Fernandez, aliyekuwa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Ateneo de Manila hadi alipofariki mwaka 2002, aliandika kuhusu chakula kwa makini yale yale ambayo wengine huyaweka katika ushairi. Mwaka 1991, yeye na Edilberto Alegre walichapisha kitabu kizima kuhusu kinilaw, samaki mbichi anayeivishwa kwa siki. Kazi ya namna hiyo haimwamuru mpishi, inamsikiliza. Ingekuwa vyema kamati yoyote ijayo ianzie sokoni kama yeye. Ingekuta kwamba sinigang hukolezwa kwa ukwaju hapa, kwa birimbi pale, kwa mapera kwingineko. Ingekuta siki ya miwa huko Ilocos, na huko Visayas siki ya tembo la mnazi, ambalo wenyeji huliita tuba. Na ingeyaandika yote, kila moja kwa jina linalotumiwa na yule anayelipika.