MIKONO YETU: Legeza mkono kwanza

Mwezi huu tunaongea na wale walioanza kuchora juzijuzi na ambao wanalalamika neno moja: "Picha yangu ni sawa, lakini haina uzima."

Tuchukue mahali ambapo familia nyingi zetu zinapajua, bandari ya Bujumbura. Mwambie mtu anayeanza aichore. Atatafuta rula. Meli itakuwa sanduku, winchi itakuwa kama msalaba, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa itakuwa vimistari vitatu kama vya kitabu cha shule. Vyote vipo, lakini mtu akiangalia hasikii kitu. Sasa yeye mwenyewe, siku ile aliposimama pale na mzigo wake akiangalia upande wa Uvira, je, milima ilikuwa midogo hivyo? Ilijaza macho yote! Basi hata kwenye karatasi iache ijae. Na kama siku hiyo ilikuwa nyeusi, paka mlima mweusi, hata kama mwalimu alisema mlima ni wa kijani.

Wengi wanafikiri uchungu unaingia kwenye picha kwa kuchora machozi, na furaha kwa kuchora meno. Sivyo. Vinaingia kwa namna mkono unavyobonyeza na unavyokwenda. Angalia mchukuzi wa bandarini na mfuko wa simenti, kilo 50 mgongoni. Ukimchora kwa mstari mwembamba, amebeba pamba. Bonyeza makala mpaka yavunjike, pale mabegani na pale magotini, utaona uzito umekuja, na uso wake hujaugusa.

Namna ya kulegeza ni hii. Weka kartoni ukutani, usimame. Shika kipande cha makala kwa ncha za vidole, siyo kama kalamu ya kuandikia, na uache bega lichore. Chora meli ileile mara kumi, kila moja kwa muda wa kuvuta pumzi tano, halafu weka pembeni bila kuirekebisha. Gomu ifichwe kabisa. Tatu za kwanza zitakuwa mbaya. Kufika ya saba au ya nane, mkono unachoka kuogopa. Ukifika kwenye maji, usihesabu mawimbi: laza makala, sugua, pitisha kiganja. Ziwa likiwa limetulia, mkono uende pole pole. Upepo ukivuma, mkono nao ukimbie.

Na vidole? Ni brashi hiyo. Kule Lubumbashi, wakati ule ikiitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji mwaka 1946. Ikaitwa Le Hangar, yaani hangari, jina lilelile la nyumba za mizigo bandarini. Mtumishi wake Bela, mtu wa Chad, alipaka rangi kwa ncha za vidole, nukta kwa nukta. Mwenzake Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa vimistari vifupi vifupi. Yule bwana hakutaka wanakili picha za Wazungu. (Alikuwa na mambo yake ya enzi ya ukoloni, lakini kwa hilo alisema kweli.) Mwaka 2015 kazi za wachoraji wa Hangar zilionyeshwa Paris.

Jaribu mwenyewe: funika kartoni yote kwa makala, liwe ziwa la usiku, halafu chovya kidole katika chaki iliyosagwa na maji kidogo, uweke taa za wavuvi wa ndagala. Moja moja, bila haraka. Kuna watu wanaotulia sana kwa kazi hiyo.

Mtasema, rangi tutatoa wapi? Udongo mwekundu, majivu, makala ya kusaga, na uji mwepesi wa unga wa muhogo ili rangi ishike. Lakini tafadhali, msivunje betri kutafuta ule unga mweusi. Ni sumu, na watoto wanatia vidole mdomoni. Na shitingi ya nyumba isikatwe kwa ajili ya picha!

Neno kwa wazazi. Mtoto akichora boti ya siku ya kukimbia, usimhoji "ulimwona nani, walifanya nini?" Mwambie tu, "Nieleze picha yako," halafu unyamaze. Akitaka kuchora ng'ombe na mpira tu, aache achore ng'ombe na mpira. Hata wewe mkubwa, hakuna anayekulazimisha kurudi kule kwa kalamu. Kuna picha mtu anaichora, anaikunja, anaitia jikoni iwake, na imemsaidia. Ila mtoto akirudia jambo moja la kutisha kila siku, halali usiku, ameanza tena kukojoa kitandani, msimchape wala kumcheka. Mwende naye kituo cha afya, muombe kuonana na anayeshughulika na mambo ya mawazo na hofu.

Walio na picha za bandari wazilete kwetu kama wanapenda, hata zilizopinda. Jina si lazima. Mwezi ujao tutaonyesha namna ya kutengeneza brashi kwa kijiti kilichotafunwa.